Picha ya Ngamia Watatu wa Modogashe

Garissa, kibandani kwangu nyuma ya soko la ngamia. Jumatano, alasiri imeshaswaliwa.

Ifrah, aabo, mtoto ninayekuita baba kama unavyoniita,

Nimeanza na mahali na saa kabla ya salamu. Usicheke, sababu yake utaiona huko chini. Sasa salamu: assalaam aleykum, msomi, mtu wa diploma, mtoto wa fundi simu mkali kuliko wote kuanzia daraja la Tana hadi Liboi. Anayebisha alete simu yake iliyokufa.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu cha kuandika kinatia aibu, na Kiingereza ungenirudishia barua ikiwa na alama nyekundu.

Hooyo, mama yako, ameshamaliza maagizo yote. Nyirinyiri, nyama kavu ya safari, ameifungia kwenye kopo la maziwa ya unga, amekuambia ukae upande gani wa basi jua lisikuchome, na kitambulisho ukiweke wapi ili kwenye kila kizuizi usipekue begi zima mbele ya askari. Hakunibakishia hata agizo moja, nami silitafuti. Wewe sasa uko kwa ayeeyo, bibi yako, unaagwa kwa chai na machozi. Utarudi isha. Nina muda huo tu wa kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema miaka minane, mimi ambaye hujawahi kuniona nikikosa la kusema.

Jambo lenyewe linamhusu mjomba wako, Abti Bishar. Keshokutwa, inshallah, ndiye atakayekusubiri basi likifika Lafey kwenye kazi yako mpya. Utalala kwake, utakula sahani moja na watoto wake. Unajua alihama hapa baada ya ile kesi ya ngamia. Unajua watu wakimtaja hupunguza sauti. Umekua ukisikia kwamba ndugu wa mama yako aliiba, na ukampenda hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa anakubeba mabegani na kukuita mzigo wa sukari.

Ifrah, hakuiba. Nilijua hakuiba, tena mapema, na ushahidi nilikuwa nao mkononi. Nikanyamaza.

Haya. Nimeandika. Mkono haujakatika.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu wewe hupendi kuambiwa mambo kwa kurukaruka.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi niliacha shule kidato cha pili, unajua, na kuandika programu nilijifundisha mwenyewe kwa video za bure na ukaidi. Walimu walisema sitafika popote. Nikafika ndani ya simu zao wote. Mwaka ule nilitengeneza Baadi. Leo unaiona programu ya kizamani, unaicheka rangi zake, lakini siku zile, wallahi, nilikuwa natembea katikati ya barabara na magari ndiyo yananikwepa mimi.

Desturi ya baadi unaijua. Mnyama wa mtu akipotea akaingia kundini mwako, hukai kimya. Unatangaza kisimani, msikitini, sokoni, kwa kila dereva wa lori: nina mnyama asiye wangu, alama yake hii, aliingia kwangu mahali fulani, siku fulani. Ukitangaza upesi wewe ni mwaminifu. Ukichelewa mpaka mwenyewe akukute naye, wewe ni mwizi, na kuapa kwako hakutasaidia sana. Mwaminifu na mwizi wametenganishwa na mahali na siku, basi.

Mimi nikaitia desturi hiyo ndani ya simu. Unapiga picha ya alama kwenye shingo ya ngamia, unabonyeza Tangaza, na kila mwenye Baadi anaiona pamoja na mahali na siku. Wachungaji wakaipenda kuanzia Modogashe hadi Liboi. Mzee Hure, yule yule wa baraza la soko, alisema mbele ya watu kwamba kijana aliyefeli shule ameleta shahidi asiyelala. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako aniite Shahidi. Alinirushia kijiko.

Shida ilikuwa uzito. Picha ya simu ni nzito, na mtandao wa porini ni uzi. Kwa hiyo niliandika sehemu ya kupunguza picha kabla ya kuituma. Wewe hili umelisomea, lakini acha nilieleze kwa lugha yangu. Picha ina ngozi na ina tumbo. Ngozi ni rangi unazoziona. Tumboni ndimo simu inamoficha habari zake: saa ya kupigwa, mahali, hata kama simu ilikuwa imesimama au imelala. Nyinyi mnaita metadata. Sasa ukichukua picha kubwa ukaichora upya ndogo, kama nilivyofanya, unachora ngozi tu. Tumbo halifuati. Lazima ulitoe kwa mkono wako kwenye picha ya kwanza, ulishike, kisha ulirudishe kwenye picha mpya. Mimi sikujua. Niliona ngamia yule yule, mdogo, nikapiga makofi.

Dalili nilizipata, usifikiri sikuzipata. Wiki ya kwanza ngamia walianza kutokea wamelala ubavu, wengine miguu juu. Watu walikuja hapa kibandani kunicheka.

"Fundi, ngamia wangu amepotea au amekufa?"

"Waryaa, mwambie ainuke, mwenyewe yuko njiani!"

Ile ilikuwa habari ya kulala na kusimama, imeanguka njiani. Mtu mwenye akili angejiuliza: kama hii imeanguka, nini kingine kimeanguka? Mimi niliandika mistari mitatu ya kumsimamisha ngamia, nikawaambia waende zao.

Kisha wakalalamika kwamba matangazo yao yanakwenda chini kabisa kwenye orodha. Nikatazama: picha hazina tarehe, na orodha inapanga kwa tarehe. Badala ya kuuliza tarehe imekwenda wapi, nikaandika mstari mmoja. Mmoja tu. Kama picha haina saa na mahali, jaza saa ya sasa na mahali simu ilipo sasa. Orodha ikakaa sawa. Nikanywa chai ya maziwa ya ngamia nikijisifu. Na kwa kuwa simu za wachungaji zilikuwa na nafasi ndogo, nikaongeza kwamba ile picha kubwa ya kwanza ifutwe ndogo ikishatumwa.

Sasa mpange Abti Bishar hapo.

Alikuwa anateremsha ngamia wa watu kutoka juu, kaskazini, kuja soko la hapa, kwa miguu, kazi yake ya miaka yote. Watu walimkabidhi mnyama kama wanavyomkabidhi imamu kiatu. Karibu na Modogashe, asubuhi, akakuta ngamia watatu wageni wameingia kundini. Akafanya kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, kwa majivuno, kwenye kochi letu: akapiga picha ya alama, akabonyeza Tangaza. Mtandao hakuna. Baadi ikaiweka picha isubiri. Baada ya siku mbili simu ikaisha chaji. Alitembea siku sita kwa jumla, akiamini ameshatangaza.

Siku ya soko, Jumanne, alipofika hapa aliiweka simu chaji kwa muuza mafuta. Kabla haijawaka, mwenye ngamia, mtu mmoja wa huko juu anaitwa Dubow, akawaona wanyama wake watatu katikati ya kundi. Akapiga kelele, soko zima likageuka. Abti akasema, "Ndugu, nimewatangaza tangu Modogashe, tazama simu." Simu ikawashwa mbele ya watu. Ikashika mtandao. Picha ikapunguzwa pale pale, ikatumwa pale pale, na Baadi yangu ikaandika chini yake: Garissa. Leo. Saa hii hii.

Wazee walikaa jioni ile kwenye hoteli ya chai iliyo ubavuni mwa soko. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni. Dubow aliinua simu kila mtu aone.

"Picha yako imezaliwa baada ya mimi kukushika," alimwambia Abti. "Nimeanza kupiga kelele, ndipo ukapiga picha."

"Nilipiga Modogashe. Wallahi billahi."

"Basi Modogashe imehamia Garissa."

Watu walicheka. Abti hakucheka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasema, "Seedi, waambie." Shemeji, waambie. Nikasema nitaangalia. Mzee Hure akaahirisha hadi Alhamisi ili fundi aangalie.

Abti alinikabidhi simu yake mwenyewe. "Ipekue," alisema. "Ile ya kwanza lazima iko mahali. Wewe si huwa unafufua simu zilizoanguka chooni?" Na akanipiga begani, Ifrah. Katikati ya balaa lile, alikuwa na nafasi ya kunitania.

Niliipata. Jumatano, kabla ya adhuhuri, kwenye meza hii hii. Kilichofutwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu hakifi papo hapo, na mimi kwa kazi hiyo sina mpinzani. Ilitoka nzima, ngozi na tumbo. Nikalifungua tumbo. Modogashe, Alhamisi iliyopita, saa moja na dakika chache asubuhi. Abti alikuwa mkweli hadi kwenye dakika. Tena setilaiti hazihitaji mnara wa mtandao. Mahali palikuwa pameandikwa sawasawa, porini kule, siku sita kwa miguu kutoka hapa.

Nikajua papo hapo kosa liko wapi. Mstari wangu. Ule mmoja.

Utaniuliza, kwa nini hukukimbia na simu mkononi mpaka kwa Mzee Hure? Ni hatua mia mbili. Nilisimama, ndiyo. Nikavaa viatu. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake, Alhamisi hiyo hiyo, walikuwa wanakuja wageni kutoka Nairobi kuiona Baadi. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu. Nilinunua shati. Nikafikiri: nikisema leo kwamba shahidi asiyelala huwa anaota, kesho nitawaonyesha wageni nini? Na matangazo mengine yote yaliyopita, watu watasemaje? Nikajiambia, hii kesi ya ngamia watatu wazee wataimaliza kwa maneno, Bishar ana jina zuri, atatoka. Nikavua viatu.

Abti alikuja baada ya swala. "Umeiona?"

"Hakuna kitu," nilisema. "Imefutika kabisa."

Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, kile chenye mguu wa kamba. Akasema, "Basi Mungu anaiona." Akaomba maji.

Alhamisi Mzee Hure aliniita mbele. Aliuliza swali moja tu, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananifungulia mlango. "Wewe fundi. Hii mashine yako inaweza kukosea?"

Sikusema haiwezi. Hapo ndipo ujanja wangu wote wa maisha ulipokusanyika. Nilisema, "Mzee, programu inaandika inachokiona."

Neno hilo ni la kweli, ukilitazama vizuri. Iliona Garissa, ikaandika Garissa. Nililichagua kwa sababu ni la kweli. Katika uongo wangu mbaya kuliko wote sikutumia hata neno moja la uongo.

Wazee walimwamuru Abti awarudishe watatu na aongeze mmoja wake kwa ajili ya fedheha. Alimtoa yule jike wake wa maziwa, yule mliyekuwa mnakunywa maziwa yake. Ngamia angepata mwingine. Jina hakupata. Msimu uliofuata hakuna aliyemkabidhi mnyama, hata mbuzi. Binamu zake mwenyewe walisema wameshapata mtu. Akafunga mizigo akaenda Lafey, ambako hawamjui, akaanza upya akiwa na mvi.

Na mimi? Wageni walikuja, wakala, wakapiga picha, wakaondoka, hawakurudi tena. Shati bado ninalo. Mstari ule niliufuta kimya kimya, nikarekebisha tumbo lifuate ngozi, nikatoa toleo jipya. Pale pa kueleza kilichobadilika niliandika: maboresho madogo madogo.

Mwezi uliopita ulikuwa unasoma faili zangu za zamani, unazipanga, unanicheka. Ukaniita. "Aabo, huyu aliyeandika kwamba picha ikikosa saa ijazwe saa ya sasa ni nani? Huu ni upuzi hatari." Nikakujibu, "Kijana mmoja mjinga. Alishahama." Ulicheka ukaendelea na kazi. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya kibanda kama mtu anayetafuta mtandao.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye barua, sasa hivi, na simu imelia. Ni yeye. Wallahi sikutunga. Abti Bishar.

"Seedi! Mtoto anafika saa ngapi?"

"Keshokutwa, inshallah. Basi likichelewa kwenye msafara wa polisi, jioni."

"Watoto wamempigia rangi chumba. Rangi ya bluu, mbaya kama zile za programu yako."

"Programu yangu ina rangi nzuri kuliko bahati ya mke wako."

Akacheka hadi akakohoa. Nilisikia ndoo, nilisikia mtoto anaita. Akasema, "Haye, salimia dada yangu," akakata. Na mimi nimebaki na simu sikioni.

Nikuambie mpango wangu ulikuwa upi. Mpango ulikuwa nikupe barua hii pamoja na kadi, uisome kwenye basi, ufike, umwambie wewe. Wewe anakupenda, kwako asingepiga kelele. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno yako. Sasa baada ya hiyo simu ninajiona: mzigo wa ngamia mzima nimeutafutia mgongo wa ndama. Kijana mjinga hajahama, Ifrah. Anaishi hapa hapa na anataka kukutuma.

Wanaadhini maghribi. Nakwenda kuswali, kisha nitapita kwa Mzee Hure. Nisiporudi kuandika, ujue nimekimbilia Liboi.

*

Nimerudi. Bado isha haijaadhiniwa.

Mzee Hure nilimkuta kwenye mkeka, miguu imevimba, redio tumboni. Nilimwonyesha nakala ya picha niliyoiweka kwenye simu yangu, na tumbo lake nikalisoma kwa sauti. Hakuniuliza habari za mashine. Aliuliza, "Ulijua lini?"

"Kabla hamjamaliza kesi."

"Nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alizima redio. Akasema Ijumaa baada ya swala atawaita wazee walio hai, na Dubow ataletwa au atapigiwa simu, na mimi nitasema kwa mdomo wangu, pale pale hotelini. "Lakini Bishar asisikie kutoka kwetu," alisema. "Asisikie kutoka kwa mtoto pia. Nenda." Hakunipa mkono. Mzee aliyesema nimeleta shahidi asiyelala.

Nilipiga simu nikiwa barabarani, nimesimama, kwa sababu nilijua nikifika kibandani nitatafuta kazi ya kufanya. Nilimwambia yote. Mstari, kadi, viatu nilivyovaa na kuvua, shati, lile neno langu mbele ya wazee. Sikutia utani hata mmoja. Ilikuwa kama kutembea bila ndara juu ya miiba.

Akasema, "Yule jike alikuwa na mimba."

Nikasema sikujua.

Kisha akauliza, polepole, kama mtu aliyeokota kitu kilichomwanguka, "Mtoto anafika saa ngapi?"

Nikamwambia. Akasema, "Tutakuwa pale." Akakata.

Basi, aabo, hivyo ndivyo unavyokwenda. Nyumba ile inajua sasa. Huna cha kubeba ila kadi, nimeifunga kwa plastiki ndani ya bahasha hii. Ni kadi yake ile ile, niliyoificha nikamrudishia simu ikiwa na nyingine. Mpe mkononi. Ni mali yake, na saa ile ya asubuhi ya Modogashe ni mali yake kuliko kadi. Usiifungue njiani kwa programu yoyote, hata yangu, hasa yangu. Isipunguzwe, isigeuzwe, isitumwe kwanza ili ijaribiwe. Na usiniombee msamaha kwake. Najua ulimi wako, umerithi kwangu.

Na kazi yako hiyo mpya, ya picha za mifugo iliyochanjwa. Mimi sina cha kumfundisha mtu wa diploma, ila kwa kuwa mimi ndimi mjinga mwenye uzoefu, nisikilize kidogo. Tumbo lifuate ngozi. Ukishamsimamisha ngamia kwenye picha mpya, iambie picha hiyo kwamba ameshasimama, la sivyo simu nyingine itamlaza tena na wachungaji wa Lafey watakutania hadi uzeeni. Simu za siku hizi zinakupa picha huku zimekuficha mahali ilipopigwa. Usidhani ni tupu, omba ruhusa kwa mwenyewe kwanza, na akikataa, kule mpakani ana sababu zake, usimchimbe. Picha ya kwanza usiifute mpaka uifungue ile ya pili na kuitazama tumboni kwa macho yako. Na mahali ambapo hujui, acha wazi. Orodha ikae vibaya. Watu walalamike. Acha wazi.

Nakusikia ukifungua lango letu hapa jirani na kibanda, hooyo yako anakuuliza kama ayeeyo amekupa ile shuka. Nitakutania ukiingia, usidanganyike. Nitakuwa nimejikausha macho.

Nilitaka kumalizia kwa kukuandikia kwamba Abti amenisamehe, ili ulale vizuri kabla ya safari. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliuliza saa ya basi. Kwa hiyo mstari ule wa msamaha nimekuachia hapa chini, bila kitu.

…………………………

Aabo wako, Salat.
Garissa, Jumatano ile ile, muadhini anajisafisha koo kwa isha.